Utetezi wa Martha

Mistari mitano ya mwisho katika sura ya 10 ya Injili ya Luka imewashughulisha wasomaji wa Biblia kwa takriban karne kumi na nane, na bado hawajaafikiana. Yesu anaingia kijijini, na mwanamke aitwaye Martha anamkaribisha nyumbani kwake. Ndugu yake Maria anaketi miguuni pa mgeni na kusikiliza. Martha, aliyezongwa na shughuli za kuandaa, anavumilia mpaka uvumilivu unamwishia, kisha anamwendea mgeni mwenyewe: haoni kwamba ameachiwa kazi zote peke yake? Amwambie Maria aje kusaidia. Jibu linaanza kwa jina lake kutajwa mara mbili. Anaambiwa kwamba anasumbukia mambo mengi ilhali kinachohitajika ni kimoja. Maria amejichagulia fungu jema, wala hatanyang'anywa.

Luka anaishia hapo. Hasemi kama Martha alirudi jikoni, kama Maria aliinuka, wala kama chakula kiliiva. Kabla ya kisa hiki kuna mfano wa Msamaria mwema, unaomalizika kwa agizo la kwenda kutenda. Baada yake, sura ya 11 inafunguka Yesu akisali na mmoja wa wanafunzi wake akimwomba awafundishe kusali. Mwinjili amekiweka kisa cha nyumba ya Martha katikati, tendo upande huu na sala upande ule, akawaachia wasomaji wake kazi ya kuamua.

Wengi waliamua haraka. Katika mahubiri ya kawaida Martha ni mwanamke aliyekemewa, na Maria ni mfano wa kuigwa. Katika parokia nyingi za Afrika Mashariki, siku ya ubatizo au ya kumpokea askofu, maneno hayo husikika kanisani huku akina mama wenyewe wako nyuma ya jengo, kwenye mafiga, wakipika chakula ambacho mhubiri atakula baada ya ibada. Wanaambiwa waache kuhangaika, kisha wanaulizwa wali uko wapi. Jambo hilo linaumiza, na mwenye kuipenda Injili hawezi kulipita hivi hivi.

Inafaa basi kumsikiliza mtu aliyepanda mimbarini miaka 700 hivi iliyopita akasema kinyume kabisa: kwamba kati ya wale wawili, aliyekomaa katika maisha ya rohoni ni Martha. Mtu huyo ni Meister Eckhart, padre Mdominiko wa Ujerumani, naye hakusema hivyo ili kuwafurahisha wapishi. Alikuwa akijibu swali zito kuliko hilo: mtu akitambua uwepo wa Mungu ndani yake, utambuzi huo unamfanya aweje anaposhika sufuria?

Ili kuona uzito wa alichofanya, ni lazima kujua alichokikuta. Origene wa Aleksandria, aliyefariki katikati ya karne ya 3, ni miongoni mwa wa kwanza kumsoma Martha kama alama ya maisha ya matendo na Maria kama alama ya taamuli, yaani kumtazama Mungu kwa moyo uliotulia. Origene mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alishikilia kwamba hakuna tendo bila taamuli wala taamuli bila tendo. Lakini waliomfuata walipenda zaidi ngazi aliyoijenga kuliko tahadhari aliyoitoa. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alihubiri kwamba Martha ni maisha ya sasa na Maria ni maisha yajayo. Kazi ya Martha ni njema, alisema, ila itakwisha, kwa sababu huko tuendako hatutakuta mwenye njaa wa kulishwa wala msafiri wa kukaribishwa. Gregori Mkuu, mmonaki aliyefanywa papa mwaka 590, aliulilia utulivu wa monasteri alioupoteza. Yeye pia aliyaheshimu maisha ya Martha, lakini moyo wake ulibaki kwa Maria. Hivyo, pole pole, jiko likawa chini na kikanisa cha sala kikawa juu.

Sauti ya upande wa pili ilikuwepo, tena ilitoka kwa watu ambao hakuna anayeweza kuwashtaki kwa kupenda makuu ya dunia. Katika visa vya mababa wa jangwani kuna kile cha Abba Silvano, aliyeishi na wanafunzi wake katika mlima wa Sinai katika karne ya 4. Ndugu mmoja mgeni aliwakuta wakifanya kazi za mikono, akawakumbusha kwamba Maria alichagua fungu jema. Silvano hakubishana naye. Aliagiza apewe kitabu na kuonyeshwa chumba cha kukaa peke yake. Saa tisa, wakati wa chakula, mgeni akawa anautazama mlango, akingoja kuitwa. Hakuna aliyekuja. Mwishowe alitoka kwenda kuuliza kama ndugu hawajala. Mzee akamjibu kwamba wamekula, ila yeye ni mtu wa roho na hahitaji chakula kama hicho. Wao ni watu wa mwili, ndiyo maana wanafanya kazi. Ndugu akaomba msamaha, na Silvano akamfundisha kwamba Maria anamhitaji Martha, na kwamba kwa sababu ya Martha ndipo Maria anasifiwa.

Hata hivyo Silvano anawapatanisha tu. Eckhart anakwenda mbali zaidi.

Alizaliwa karibu na mwaka 1260 katika eneo la Thuringia, akajiunga na Wadominiko mjini Erfurt. Alifundisha teolojia katika Chuo Kikuu cha Paris mara mbili, heshima ambayo kabla yake katika shirika lake aliipata Thomas wa Akwino. Aliongoza kanda ya Saxonia, yenye nyumba nyingi za shirika, kuanzia mwaka 1303 hadi 1311. Hakuwa mtu wa kukaa pembeni akiwaza mawingu. Alikuwa msimamizi, mwenye safari, hesabu na migogoro ya kutatua. Baadaye alifanya kazi Strasbourg, ambako sehemu kubwa ya utume wake ilikuwa kwa wanawake: watawa wa Kidominiko katika konventi zao, na labda pia wanawake waliojulikana kama Wabegina, walioishi maisha ya sala na kazi bila kufunga nadhiri za kudumu.

Kwa wanawake hao nyakati zilikuwa ngumu. Tarehe 1 Juni 1310 Marguerite Porete, mwandishi wa kitabu kuhusu roho iliyozama katika upendo wa Mungu, alichomwa moto hadharani mjini Paris kwa kosa la uzushi. Mwaka uliofuata Eckhart alirudi Paris kufundisha. Mtaguso wa Vienne, uliokaa mwaka 1311 na 1312, ulitoa maagizo makali dhidi ya Wabegina. Katika mazingira hayo, wanawake wenye kiu ya Mungu walikuwa na sababu nyingi za kukimbilia ndani ya nafsi zao na kukaa huko: maono, mifungo mirefu, machozi, utamu wa sala. Eckhart aliijua kiu hiyo, aliiheshimu, na aliona hatari yake.

Hubiri lake juu ya Martha na Maria, ambalo katika orodha ya kitaalamu ya mahubiri yake ya Kijerumani ni la 86, linaanza kwa kuwatazama wote wawili kwa upendo. Maria ameketi kwa sababu wema wa Mungu umeikumbatia roho yake, kwa sababu ana hamu asiyoweza kuieleza, na kwa sababu ya faraja tamu anayoipata katika kila neno linalotoka kinywani mwa Kristo. Martha naye anahudumu kwa sababu umri wake umekomaa na kilindi cha nafsi yake kimezoezwa. Kwa sababu ana busara ya kuielekeza kazi ya nje kule upendo unakotaka. Na kwa sababu anajua hadhi ya mgeni aliye nyumbani mwake.

Kisha anatoa hoja ambayo wasikilizaji wake hawakuizoea. Martha, anasema, alimjua Maria kuliko Maria alivyomjua Martha, kwa kuwa Martha alikuwa ameishi muda mrefu na vizuri, na kuishi humpa mtu ujuzi ambao hakuna mwangaza wa ghafla unaoweza kuutoa. Kwa macho hayo aliona kwamba ndugu yake anaweza kunaswa na utamu. Ombi lake kwamba Maria ainuke halikuwa la wivu wala la uchovu. Lilikuwa la dada anayemtakia mwenzake akue. Na jibu la Kristo halikuwa karipio. Alimtuliza Martha: asihofu, Maria yuko njiani, atafika pale anapomtakia afike. Jina limetajwa mara mbili kwa sababu Martha alikuwa kamili pande zote mbili, katika mambo ya wakati na katika mambo ya milele.

Vipi kuhusu kusumbuka kwake? Hapa ndipo kiini cha fundisho kilipo. Eckhart anatofautisha mtu aliye kando ya mambo na mtu aliye ndani ya mambo. Wa kwanza anayashika, anayapanga, anayajali, lakini hayajakalia kiti cha moyo wake. Wa pili ameingiliwa nayo mpaka hana nafasi ya kitu kingine. Martha alikuwa kando ya shughuli, si ndani yake. Kwa hiyo kazi haikumzuia. Maria, kwa maoni ya Eckhart, alikuwa bado anajifunza. Alipoketi pale hakuwa bado Maria kamili. Akichanganya visa vya Maria kadhaa, kama ilivyokuwa desturi ya Kanisa la Magharibi wakati wake, Eckhart anasema kwamba ni baada ya kumpokea Roho Mtakatifu, akavuka bahari, akahubiri na kuwahudumia wanafunzi, ndipo alipokuwa yule aliyekusudiwa kuwa.

Kuna kipande kingine cha hubiri hilo kinachostahili kusikika leo, pengine kuliko vyote. Watu fulani, Eckhart anaeleza, wanadhani kukomaa rohoni ni kufikia hali ambayo furaha wala maumivu havimgusi mtu tena. Anawaambia wanakosea. Hakuna mtakatifu aliyefika huko, wala hatafika. Kristo mwenyewe alihuzunika kiasi cha kufa. Sauti inayokwaruza haitakuwa tamu sikioni kama sauti ya kinanda, hata kwa mtakatifu. Kinachowezekana ni kwamba, huku moyo ukiumia, utashi ubaki umesimama pamoja na Mungu. Huu ndio ufahamu wa ndani kwa mujibu wake: si ganzi, si kuelea juu ya maisha, bali kuwepo kwa Mungu katika kilindi ambacho dhoruba ya juu haikifikii.

Mambo haya hakuyabuni uzeeni. Katika mafundisho aliyowapa ndugu vijana wa Erfurt kabla ya mwaka 1300, alisema kwamba mtu akiwa amenyakuliwa katika maono kama mtume Paulo, naye akajua kuna mgonjwa anayehitaji supu, ni bora zaidi ayaache maono na kumpelekea mgonjwa supu yake. Na katika hubiri jingine aliwaonya wanaodhani kwamba watampata Mungu zaidi katika ibada na utamu kuliko kando ya moto au katika zizi la mifugo: hao wanamfunga Mungu kichwa kwa joho na kumsukuma chini ya benchi.

Sasa, je, Luka alikusudia hayo yote? Hapana, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Maandiko yanasema Martha alisumbuka, na sifa ya fungu jema ilikwenda kwa Maria; Eckhart ameuvuta mstari mpaka karibu ukatike. Kuna hasara nyingine kubwa zaidi ikiwa hoja yake itashikwa na mikono isiyo na adabu. Kuketi miguuni pa mwalimu kulikuwa mkao wa mwanafunzi. Paulo, katika Matendo ya Mitume 22, anajitambulisha kama aliyelelewa miguuni pa Gamalieli. Luka anamwonyesha mwanamke akiwa katika nafasi hiyo, na Yesu akikataa kumwondoa. Anayemtetea Martha ili kumrudisha Maria jikoni anampinga Kristo ana kwa ana. Utetezi wa Martha una maana pale tu haki ya Maria ya kuketi na kujifunza inapobaki bila kuguswa.

Ila Eckhart hakumtoa Maria katika nafasi yake. Alichokataa ni kuifanya nafasi hiyo kuwa kituo cha mwisho. Na hapo, ingawa ameunyoosha mstari kupita kiasi, ameigusa Injili yenyewe, kwa sababu Biblia haikumwacha Martha pale Luka alipomwacha.

Injili ya Yohana, sura ya 11, inamkuta Martha Bethania, umbali wa kilomita tatu hivi kutoka Yerusalemu. Ndugu yake Lazaro amefariki na amekaa kaburini siku nne. Yesu amechelewa. Mara hii Maria ndiye aliyebaki nyumbani ameketi, na Martha anatoka kumlaki njiani. Anamwambia ukweli bila kuuremba: angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Katika mazungumzo hayo anasikia tangazo la Yesu kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima, na anaulizwa kama anasadiki. Anajibu kwa kumkiri kuwa Kristo, Mwana wa Mungu. Ni ukiri unaokaribiana sana na ule wa Petro katika Mathayo 16, uliojengewa makanisa na kuandikwa katika kuta. Wa Martha ulitamkwa barabarani, na mwanamke aliyekuwa matangani, kabla jiwe la kaburi halijasogezwa. Hakuwa ameona lolote. Utambuzi wa ndani ulitangulia ushahidi wa macho, na hiyo ndiyo imani.

Dakika chache baadaye, Yesu anapoagiza jiwe liondolewe, ni Martha huyo huyo anayemkumbusha kwamba maiti imeanza kunuka. Wafafanuzi wengine wameona hapo imani iliyoyumba. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kuona mtu ambaye imani haikumwondolea akili ya nyumbani: anamkiri Mwana wa Mungu, na anajua mwili wa siku nne unakuwaje. Katika sura ya 12 kuna karamu. Lazaro ameketi mezani, Maria anaipaka miguu ya Yesu marhamu, na Yohana anataja kwa maneno machache kwamba Martha alihudumu. Hakuna malalamiko safari hii, wala hakuna anayemwambia aache.

Eckhart alilipa gharama ya ujasiri wake katika mambo mengine. Mwaka 1326 askofu mkuu wa Cologne, Heinrich wa Virneburg, alimfungulia mashtaka ya uzushi. Eckhart alikata rufaa kwa papa, na Februari 1327, katika kanisa la Wadominiko mjini humo, alitangaza hadharani kwamba yuko tayari kukana kosa lolote litakalothibitishwa katika maandishi au maneno yake. Alisafiri hadi Avignon, alikokuwa papa wakati huo, na akafa kabla kesi haijaisha. Tarehe 27 Machi 1329 Papa Yohane XXII alitoa hati iliyotaja kauli 28 zilizohusishwa naye: 17 zikahesabiwa kuwa za uzushi, na 11 kuwa zenye kutia shaka. Hati hiyo hiyo inaeleza kwamba kabla ya kufa aliikiri imani ya Kanisa.

Mafundisho ya aina yake hayakuzikwa naye. Karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1577, mtawa wa Hispania, Teresa wa Avila, aliandika kitabu chake juu ya ngome ya ndani ya roho, yenye makao saba. Msomaji anayepanda naye kutoka makao hadi makao anatarajia kwamba katika la saba atakuta ukimya mtupu. Anakuta kazi. Teresa anasema Martha na Maria hawana budi kuwa pamoja ili kumpokea Bwana, maana Maria angempa chakula gani kama ndugu yake asingemsaidia? Mahali pengine aliwaambia watawa wake kwamba hata katikati ya vyungu vya jikoni Bwana yupo. Mwanamke huyo alianzisha konventi 17, akasafiri kwa mikokoteni, akabishana na wamiliki wa nyumba na wakubwa wa Kanisa. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inakwenda kwenye jambo hilo hilo kwa njia ya sheria. Inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo na mali zote za nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Kanuni hiyo ndiyo Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja nayo kusini mwa Tanzania, na katika abasia zote mbili karakana, shamba na hospitali vimekua pamoja na ratiba ya sala. Mmonaki anayetoka kuimba zaburi akaenda kushika randa au jembe hajaliacha fungu la Maria mlangoni mwa kanisa.

Mwaka 2021, kwa agizo la Papa Fransisko, kalenda ya Kanisa Katoliki ilibadilishwa. Tarehe 29 Julai, ambayo awali ilikuwa kumbukumbu ya Martha peke yake, sasa ni ya Martha, Maria na Lazaro kwa pamoja. Mhubiri atakayesimama siku hiyo mbele ya watu, hasa mbele ya wanawake waliokesha wakiandaa chakula cha sikukuu, asiishie Luka 10. Afungue na Yohana 11, awasomee ukiri wa Martha mpaka mwisho kabla ya kusema lolote kuhusu sufuria zake.